Chini ya Daraja la Reli

Miaka thelathini na mmoja nilipima rangi kwa kilo
katika kiwanda cha nguo, Łódź:
nyekundu ya bendera, buluu ya sare za shule,
njano iliyonikaa kwenye kucha hadi siku ya harusi yangu.
Leo, Jumanne jioni, ghorofa ya tatu, hita inagugumia,
mwalimu Ireneusz ananiambia:
Bi Bogna, punguza kelele.

Mezani ameweka birika la bati lililobanduka mdomoni,
vitunguu viwili,
kitambaa cha kijivu ambacho hakuna aliyekipiga pasi.
Birika ni langu. Alituagiza kila mmoja alete
kitu ambacho ameshindwa kukitupa.

Nilianza kwa pupa. Kitunguu changu kiliwaka kama taa ya breki.
Hakunikemea. Alichovya brashi kwenye kijani,
tone dogo, kiasi cha punje ya mtama,
akalikoroga ndani ya wekundu wangu,
na wekundu ule ukashusha mabega
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.
"Haujafa," alisema. "Umenyamaza tu. Sikiliza sasa."

Nikasikiliza. Sikusikia kitu.
Wiki tatu nilipika matope.
Bwana Walenty, dereva wa tramu mstaafu,
aliuliza kwa upole kama nachora viazi.

Kisha usiku mmoja, nikiosha brashi,
niliuona mto wetu ndani ya sinki.
Nyuma ya kiwanda ulipita mwekundu Jumatatu,
buluu Jumatano,
watoto wa mjini wakibashiri mitindo ya mwaka kwa kuutazama.
Lakini sisi tulikaa kule chini, ng'ambo ya daraja la reli,
rangi zilikofika zikiwa zimeshagombana zikachoka:
zambarau yenye usingizi, kijani chenye majivu,
kitu kama ngozi ya uyoga.
Kumbe nilizijua.
Nililala kando yake utoto mzima nikiziita uchafu.

Leo nimechora kutoka pale.
Brashi pana, mkono ukianzia begani, bila kurudia.
Kivuli cha kitunguu nimekipa maji ya Alhamisi.
Pale mkunjo wa kitambaa unapopokea mwanga
sikuweka chochote.

Mwalimu amesimama nyuma yangu muda mrefu.
"Birika lako limeinama," amesema mwishowe.
"La mezani limesimama wima."

Najua, nimemwambia.
Mume wangu alikuwa akimimina chai
huku anatazama dirishani.
Nusu ilikwenda mezani.