Daftari la Mfereji

Jumamosi ya tatu ya mwezi, kabla jua halijakaza,
tunakutana penye lango la chuma
ambalo kampuni ya sukari ililifunga, ikaondoka na ufunguo.
Kufuli tuliikata kwa msumeno mwaka juzi.
Kutu yake bado imo kwenye kucha za Kealohi;
anasema haitoki.
Nadhani hataki itoke.

Mlima ni uleule. Mvua ni ileile.
Ila kwa miaka mia maji yalipitishwa kwa saruji,
juu ya vichwa vyetu, kwenda kuinywesha miwa,
na bonde likabaki na maji kwenye jina tu.
Katika lugha ya bibi yangu, hapa Hawaii,
ukilitamka neno maji mara mbili
linakuwa utajiri.
Shuleni alichapwa kwa kulitamka mara moja.

Basi tunachimba.
Mawe yanapita mkono kwa mkono,
tope linapanda hadi kwenye nyusi,
na mzee Agbayani, ambaye figo zake zinafuliwa na mashine
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuelekeza kwa fimbo:
hapo, hapana, hapo, baba yangu alizika bomba hapo.

Kila mtu na saa zake. Tuliziandika daftarini.
Saa za jembe ndizo zamu za maji:
aliyechimba kumi atanywesha magimbi yake kwa kumi.
Tuliona tumetenda haki, haki iliyopigiwa rula,
yenye tarehe na sahihi.

Mpaka siku Leimomi alipotua sufuria,
akafuta mikono kwenye fulana,
akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi,
"Zamu yangu ni lini?"

Tukafungua. Jina lake lilikuwepo.
Mbele yake, sufuri.
Miezi kumi na minne ya wali na samaki,
ya watoto wetu kumi na mmoja waliomning'inia kiunoni,
sufuri,
kwa mwandiko wangu mzuri.

Hakuna aliyetafuna.
Tulikuwa tumemfukuza bwana
tukabaki na kalamu yake.

Sitasema tulikumbatiana. Tuligombana hadi kiza.
Keoni alibwaga koleo, akawasha gari, akaenda zake
(alirudi Jumamosi mbili baadaye, bila neno, na mchele).
Mmoja alisema kupika si kuchimba.
Mwingine: basi chimba na njaa yako.
Na Agbayani je? Kukumbuka bomba lilipozikwa
ni saa ngapi?
Tukapiga mistari mipya, tukaifuta, tukapiga tena,
karatasi ikatoboka.

Ndipo mwezi wa nane akaja Medeiros kijana,
mjukuu wa yule msimamizi aliyepanda farasi
na kuwaita babu zetu kwa namba.
Alisimama ng'ambo na jembe jipya, bei bado imening'inia.
Tulimtazama. Jembe nalo likamtazama.
Leimomi akampa sahani kwanza, kisha akamwonyesha
sehemu yenye mizizi migumu kuliko zote.
"Jina uandike mwenyewe," alimwambia.
"Mengine yataandikwa na mgongo."

Maji yalifika usiku wa manane.
Hayakuja kwa shangwe: uzi mwembamba, mchafu,
ukisukuma jani bovu na kopo la soda.
Tulikubaliana yaanze shamba la chini kabisa,
lile lililozoea kupata makombo,
na wa juu, mimi nikiwemo, tukangoja kwa tochi,
tukijifunza kungoja.

Kampuni imetuma barua. Kikao ni Jumanne.
Daftari lina safu tisa sasa, na limelowa pembe.
Kwa Leimomi nimeandika: kupika, saa sita; watoto, saa sita.
Lakini ile siku aliyotuuliza,
lile swali moja, mikono ikiwa na mafuta,
sijajua niliweke safu gani,
na nafasi yake nimeiacha wazi.