Bati la Kurudisha Mwanga

Mimi ni mtu wa majiko. Pale Mwanjelwa, nyuma ya wauza viazi,
nyundo yangu inajulikana kuliko jina langu.
Nimekunja makarai, mifereji ya mvua, mabomba ya moshi,
na zamani, kabla umeme haujafika Iyunga kwa mama, vibatari.
Samaki sikuwahi kuwatengenezea kitu
isipokuwa kikaango.

Ndipo Tusekile, mwenye gesti ya Sokomatola,
akaniita nione sanduku lake la kioo.
Samaki wametoka Matema ndani ya ndoo,
wamepanda mlima wote hadi huku kwenye baridi
wakipakatwa kama mtoto mwenye homa.
"Kule walikuwa bluu," akasema. "Bluu ya kufulia.
Huku wamekuwa maji ya kuoshea vyombo."

Nikafunua mfuniko: mbao za paina, tyubulaiti mbili.
Kosa nililiona mara moja, maana ni kosa la jiko,
moto mwingi, chungu hakichemki.
Mwanga nusu nzima ulipanda juu
ukanywewa na mbao,
na mbao hazina shukrani.

Nilianza na karatasi za ndani ya pakiti za sigara,
gundi ya unga wa ngano. Siku tatu tu.
Mvuke ukazibandua, zikaning'inia
kama maganda ya kiazi kilichoiva.
Nikachukua debe la mafuta ya alizeti,
nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikajiona meno.
Wiki ya pili kutu ikaanza pembeni.

Basi nikaenda kwa Ambokile wa uchapaji,
auzaye kwa kilo mabati ya kuchapia yaliyokwisha kazi.
Aluminiamu, nyembamba kama kauli ya mdaiwa,
mbele maandishi, nyuma inang'aa.
Nikachagua bila kusoma. Fundi hasomi bati, analipima.

Juu ya kipande changu cha reli nikapiga mkunjo wa kwanza.
Hapa pana siri, nakupa bure:
usilifanye bakuli. Bakuli huurudisha mwanga
kwenye tyubu ileile ulikotoka,
kama mtu anayejijibu barua yake mwenyewe.
Weka mgongo katikati, juu kabisa ya taa,
mkali kama paa la nyumba.
Mwanga ufike pale ugawanyike,
huu kushoto, huu kulia,
upite ubavuni mwa taa, uende majini.

Kwenye mkunjo wa nne nikaligeuza bati.
Kadi za harusi. Kumi na mbili kwa bati moja,
na jina lilelile mara kumi na mbili:
Subilaga.
Ukumbi, saa, rangi ya sare.

Niliwahi kumtengenezea Subilaga jiko la miguu mitatu
ambalo sikumtajia bei.
Akalipa.

Nyundo ikakaa hewani kidogo.
"Umejigonga?" jirani akauliza.
"Kidole," nikasema.

Nikakunja. Mgongo wa paa ukapita katikati ya jina,
Subi huku, laga kule.
Maandishi juu, kwenye giza la mbao; mng'aro chini.
Skrubu sita, na vipande vya tyubu ya baiskeli
kati ya bati na waya,
kwa sababu umeme na maji hawana undugu.

Jioni ya Julai. Ukungu umeshuka kutoka Loleza
mpaka kwenye kizingiti cha gesti.
Tusekile akabonyeza swichi. Taa zikakohoa, zikawaka.
Taa ni zilezile, naapa. Sikuongeza hata moja.
Samaki mmoja akatoka nyuma ya jiwe, taratibu,
kama anayetoka kuangalia nani amepiga hodi,
milia yake myeusi, na katikati ya milia
bluu ya kufulia.
Dereva wa lori la Tunduma akaacha ugali wake,
akasogea, mkono ukiwa bado na mchuzi.
"Kumbe walikuwa nayo muda wote," Tusekile akasema.

Kisha akafungua pochi. Kiasi gani, fundi?
Safari hii nikataja bei. Kamili.

Akaomba nimpunguzie.