Shibiri Moja

Tulifika maji yamekupwa, tukapita kwa miguu
pale bahari inapofunga njia kuanzia saa nane.
Nok alibeba drili. Mimi kamba mbili, dumu la maji,
na mfuko wa misumari ya titani, thelathini na minne.
Kwa bei yake ningenunua pikipiki mjini Krabi.

Ghuba hii haina hata kibanda. Ina kaa, ina chupa za plastiki
zilizosafiri kutoka sijui wapi, na jabali la chokaa
lililosimama wima mita sitini, likitokwa vidole vya mawe
kama mshumaa ulioyeyuka ukasahau kuisha.

Misumari ya zamani inakatika. Chumvi huila kwa ndani,
nje inang'aa. Mwaka juzi Mjerumani mmoja
alivuta mmoja kwa mkono, akabaki nao.
Akacheka. Kisha akakaa mchangani
wala hakupanda tena siku ile.

Nok akafunga fundo, akapaka chaki.
"Nimekushika," nikasema. Ndiyo sala yetu yote.

Akapanda. Mita ya kumi, ya kumi na tano.
Kamba ikinipita vidoleni nikamsoma kwayo:
hapa anasita,
hapa amepata pa kutia ncha ya kiatu,
hapa anataka nilegeze, na hasemi.

Kisha kimya. Drili haikulia.
"Nini?" Shingo inaniuma.
"Kuna mianzi."
Vipande viwili, vimefungwa kwa ukambaa mkavu,
vimebana ndani ya ufa.

Baba yetu, Prasong, alichuma viota vya mbayuwayu,
viota vya mate, usiku, peku, tochi kinywani,
kwa supu za matajiri asiowajua.
Ndiye aliyempa Nok jina: maana yake ndege.
Mwanzi ulimtii miaka kumi na tisa.
Mama alituambia ilikuwa pangoni. Hakutuambia lipi.

Nilingoja. Maji yalishaanza kurudi,
yananilamba visigino. Kamba ilitulia,
nzito, kama mtu aliyeketi kitako.

Hakuving'oa. Alitoboa shimo kando, shibiri moja tu,
akapuliza vumbi, likanidondokea machoni, jeupe,
akajaza gundi, akazungusha msumari.
"Huu," alisema aliposhuka, "utatuzika sote."

Tulitoka maji yakiwa kifuani,
drili juu ya kichwa chake, kamba juu ya changu.
Misumari thelathini na mitatu imebaki mfukoni.
Mama hatujamwambia.