Katika Nta

Ghala letu liko chini ya hospitali, Szeged:
ngazi kumi na tisa, taa mbili, moja mbovu.
Mimi ndiye mwenye ufunguo.
Madaktari wa juu wananijua kwa kikohozi
na kwa daftari la makabati arobaini ya nta,
kila kipande ukubwa wa sabuni ya hotelini,
na ndani yake punje ya mtu.

Daktari Vadász Piroska alishuka Novemba,
ukungu wa mto Tisza umepanda hadi darajani,
koti lake lanuka spiriti na supu ya samaki.
"Bwana Lőrinc, nataka mapafu.
Ya zamani. Ya miaka ya themanini."
Nikamwambia ya zamani yamekufa mara mbili,
wenyewe kwanza, kisha maneno yaliyomo.
Akacheka. Akakalia kreti.
Akanichorea kwa penseli, nyuma ya risiti:

ndani ya seli barua hazikomi,
tarishi hutoka mbio na amri, kua, gawanyika, kua,
na barua ndefu, ukizitia kwenye nta,
huchanika kama gazeti lililonyeshewa.
Ila kuna vijibarua vya herufi ishirini na mbili.
Haviamuru. Havijengi.
Kazi yao kumshika tarishi ukosi wa shati
na kumwambia: nyamaza.
Ni vifupi mno kuvunjika.
Miaka thelathini na saba, nta haijavitafuna.

Mdharau mwiba, nikajisemea,
mguu huota tende.

"Na saratani?"
"Mara nyingine," akasema, "ni nyumba
aliyohama mnyamazishaji."

Alitaka hamsini na viwili. Nikavipanga kwenye trei.
Ndivyo sheria: yeye namba,
mimi majina.
Namba 1143 ilikuwa ya dada yangu.

Etelka. Kiwanda cha katani, zamu ya usiku,
vumbi la nyuzi kwenye nyusi hata Jumapili.
Alimkatiza msimamizi, padri, redio, mimi;
baba akirudi amelewa, aliinua kidole,
kimoja tu,
na meza nzima ikatulia, hata vijiko.

Ningeweza kukificha. Nilikishika
hadi kikapata joto langu, kikaanza kuteleza.
Kisha nikakiweka, safu ya tatu, mwisho kushoto.

Januari wembe wa mashine ulianza kazi:
utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu
hujikunja, huelea juu ya maji vuguvugu.
Jaribio la kwanza lilikufa na friji.
La pili Gergő, mwanafunzi, alibandika lebo kinyume,
akajifungia chooni, akalia, akatoka, akanawa.
Kila mara Daktari alishuka kuomba tena
na kila mara nta ilipungua.

Machi alikuja bila koti.
"1143," akasema. "Kijibarua kile hakimo kabisa.
Wengine wanacho kidogo. Yeye, hata chembe.
Tumekirudisha kwenye seli hai, za aina ile ile, sahanini,
zimepunguza mwendo. Zimepunguza tu.
Usimwambie mtu kwamba ni dawa."
Sikumwambia mtu.

"Unajua lolote juu yake?"

Kimya kingi kina mshindo:
masikio yangu yalivuma kama kiwanda kile.
Nikafungua daftari, nikafunika jina kwa kiganja.
"Mwanamke," nikasema. "Miaka arobaini na mmoja."
Akaandika. Alikuwa na haraka, wino ukamchafua kidole.

Kilichobaki alinirudishia kwenye bahasha:
nta, na tundu la ukubwa wa dengu.
Nimekirudisha kati ya 1142 na 1144,
pale pale, kwa kuwa kazi yangu ni hiyo.

Halafu, hapakuwa na mtu,
nikainua kidole.

Ile taa mbovu ikaendelea kuguna.