Jibu kwa Arpine, Kati ya Treni Mbili

Umeniuliza ninaandikaje, Arpine,
ukanitumia na picha ya kiti ulichonunua huko Lyon,
chenye magurudumu na mto wa kiuno.
Kizuri. Paka wako naona amekipenda.

Mimi naandikia kwenye dirisha la tiketi,
stesheni ya Gyumri, zamu ya asubuhi,
miguu juu ya hita yenye kutu,
kwa penseli iliyofungwa uzi kwenye kaunta
ili abiria wasiondoke nayo.
Uzi ni mfupi. Umenifaa kuliko kiti:
ukiinuka tu, unakurudisha.

Miaka ile treni ilipokuwa moja kwa siku
nilikuwa na wakati wa kumwaga
na sikuandika hata bahasha.
Nilichonga penseli. Nilinyoosha karatasi.
Nilichonga tena, hadi kikabaki kisigino cha penseli
na kichuguu cha maganda yenye harufu ya mwerezi.
Kisha wakaongeza treni, mbili, halafu nne,
nikabakiwa na dakika kumi na moja
kati ya ile iendayo Yerevan na ile itokayo,
na hapo ndipo sentensi zikaanza kuja mbio,
zimebeba viatu mkononi,
kama watu waliochelewa.

Dakika hizo nazipima kwa saa ya jikoni,
ile ya umbo la kuku, ya bibi yako Satenik,
iliayo kama inataga.
Ikilia naacha. Hata katikati ya neno.
Hasa katikati ya neno:
kesho nikilikuta limeachama
najua pa kulilisha.
Aliyefunga vizuri jana
leo huanza na ukuta.

(Penseli huchongwa usiku. Kuchonga asubuhi ni wizi.)

Simu naifungia kwenye sanduku la chenji.
Ufunguo anao Vardges wa mizigo,
mtu asiyebembelezeka.
Yeye pia ndiye msomaji wangu: namsomea kwa sauti,
na pale anapojikuna sikio
nakata.

Kwa siku mbovu nina daftari la kijani.
Humo naruhusiwa upumbavu.
*Kulikuwa na baridi. Baridi ilikuwa kali. Ilikuwa baridi kweli.*
Ukurasa mzima hivyo, bila haya,
mpaka mkono usahau kwamba uliogopa.

Unajua ninachoandika.
Mtaa wetu, kabla ya tetemeko.
Mwanzoni nilitaka kuuinua wote kwa pumzi moja,
nikalala kitandani wiki mbili, uso ukutani,
na mama yako akaniletea supu bila kuniuliza kitu.
Sasa sijengi mtaa. Naandika nyuma ya tiketi zilizoharibika,
na nyuma ya tiketi mtaa hauenei.
Kinachoenea ni, tuseme, kitasa.
Leo nimeandika kitasa cha kwa akina Melkon:
cha shaba, kimelegea,
lazima ukinyanyue kidogo ndipo kizunguke,
na Melkon mwenyewe akisema kutoka ndani, *Nyanyua, nyanyua!*
Maneno ishirini na moja.
Nimeyahesabu, nikatia alama kwenye kalenda ya benki.

Usidhani kalenda imejaa. Februari ni nyeupe
kama Februari yenyewe huku kwetu.
Sijaichana. Inaning'inia pale, inanitazama,
nami naitazama, tumezoeana.

Basi kiti mwachie paka.
Tafuta uzi, tafuta mtu wa kumpa ufunguo,
na kama huna treni, jitungie ya uongo
ila uiogope kweli.

Kuna mtu anagonga kioo.
Mbili za Yerevan, na moja ya mtoto.
Mtoto ameishaiona penseli,
ananyoosha mkono, uzi unamfikia kwa shida.
Nimemwachia. Anachora kuku
upande wa pili wa kitasa cha Melkon,
kuku mwenye miguu mitano,
na dakika zangu tatu zimekwenda naye.

Si kitu. Nimeacha mlango nusu.