Funguo za Chekechea

Mimi ndiye ninayefungua mlango.
Miaka ishirini na sita, saa moja na nusu asubuhi,
nazungusha ufunguo, nawasha taa za ukumbi,
nawapangusa watoto ukungu wa Carnia puani.
Hakuna aliyewahi kuniuliza maoni yangu.

Jumatatu nilipewa orodha.
Majina sabini na mawili, matatu yamepigiwa mstari mwekundu.
"Hawa," alisema mkuu wa shule bila kuinua macho,
"bila cheti cha chanjo wasivuke kizingiti.
Ni sheria, Delfina. Si mimi, si wewe."
Kama si mimi wala si wewe,
mkono utakaowazuia ni wa nani?

Akaja Mirella na Tazio.
Tazio niliyemfundisha kufunga kamba za viatu:
sikio moja la sungura, sikio la pili, mwingize shimoni.
Amevaa buti mpya. Alikuja kunionyesha.

Mirella hakupiga kelele. Heri angepiga.
"Dada yake unamjua," alisema.
"Unaujua usiku ule, ile homa, macho yakigeuka meupe,
siku mbili tu baada ya sindano.
Daktari akasema, sadfa.
Wewe ungepata usingizi juu ya neno hilo?
Mwanangu si ng'ombe wa serikali
apigwe chapa ndipo aingie zizini."

Nami nilikuwa namwona kaka yangu.
Ubaldo, kiangazi cha hamsini na saba,
alikwenda kuogelea mtoni, akarudi analalamikia shingo,
na kufikia Jumapili mguu haukuwa wake tena.
Mama alitembea hadi Tolmezzo, kwenda na kurudi,
akiuliza kila duka la dawa: ile chanjo, imefika?
Haijafika, mama. Labda mwakani.
Mwakani ikafika. Ubaldo keshavishwa chuma.
Mpaka leo bawaba ikilia
nasikia goti lake.
Mama angeuza ng'ombe wote wawili
kwa kitu hiki ambacho Mirella anapewa bure, anakikataa.

Lakini ningelisemaje hilo, pale, kwenye baridi?
Uchungu hauwekwi mizanini,
wangu huku, wako kule, tuone upi utazama.

Mkahawani wanajua kila kitu.
Muuza jibini anasema kampuni za dawa zimetununua,
postamasta anasema wazazi hao wafungwe jela,
wanagonga meza, vikombe vinaruka,
na hakuna hata mmoja anayemtaja Ilde.

Ilde yuko dirisha la pili,
kofia ya sufu kichwani hata darasani.
Damu yake imerudi kutoka hospitali ya Udine
inatembea taratibu, inashika kuta.
Yeye hawezi kuchanjwa; mwilini mwake
hamna askari wa kufundishwa vita.
Ngao yake ni wenzake,
kila kijimkono kilicholia dakika moja kikasahau.
Hayumo kwenye orodha yoyote.
Anachora jua lenye miguu.

Basi nilifanya nini? Nilitii.
Nilitoka nje, nikaurudisha mlango nyuma yangu
ili tuwe upande mmoja wa baridi, sote watatu.
Nikapiga magoti, nikazifungua kamba za zile buti,
nikamwambia, haya, funga nione.
Akafunga. Ulimi nje, sikio la kwanza, la pili.
Mirella akageuza uso wake kuelekea dirishani.
Ilde alikuwa ameegemeza karatasi kwenye kioo
amwonyeshe Tazio lile jua.
Mirella aliitazama ile kofia
muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kofia.

"Kesho?" Tazio aliniuliza.
Nikasema, "Buti zako nzuri sana."

Wakashuka mlima. Hakugeuka, wala sikumwita.
Kwenye daftari nikaandika: hakuingia, mmoja.
Safu ya mengine hamna.
Nilipotia ufunguo mfukoni
ulikuwa baridi kama usiowahi kufungua kitu.