Nyota Mbili za Hizza

Gazeti lilifika Ngamiani saa nne asubuhi
likiwa limefunga maandazi ya Mama Kilua,
ndiyo maana neno "mzaha" lina doa la mafuta
na sijui kama aliandika mzaha mtamu au mzaha mtupu.
Nadhani mtupu.

Nyota mbili kati ya tano.
"Hamsini Zetu," anasema, "ni dakika tisini
za wanawake wanne wa makamo wakicheka,
na mtazamaji hajui wanacheka nini."
Chini, jina: Hizza Semkuya.
Namjua. Kaptula yake ya darasa la kwanza niliishona mimi,
nikaacha upindo mrefu, mama yake alisema atarefuka.
Amerefuka.

Ijumaa ile tulikwenda wanne, kama wale wa filamuni:
Edina na mto wake wa kuegemeza kiuno,
Nyamvula, Riziki na karanga zake, na mimi.
Feni tatu, inayozunguka moja.
Hizza mstari wa mbele, na kijitochi cha kuandikia gizani.

Kuna mahali Bi Shani, yule mnene,
anasaka miwani nyumba nzima, mpaka kwenye pipa la mchele,
kumbe anayo kichwani.
Hapo Hizza alicheka. Nilimwona mabega.

Kisha mume wa Bi Shani anarudi baada ya miaka tisa.
Anapiga hodi, anasalimu vizuri,
anasema amefuata redio yake.

Ukumbi kimya.
Riziki akaanza, kama mtu aliyepaliwa,
halafu kiti kikaanza, halafu safu nzima.

Maana wa kwake alifuata kitanda.
Sita kwa sita, mninga. Alikuja na mkokoteni na vijana wawili,
Riziki akawapa vijana chai, wao wana kosa gani?
Tukashika miguu ya kitanda sisi wenyewe, tukisukuma,
kikakwama mlangoni.
Bwana nje, sisi ndani, kitanda katikati,
saa nzima tukitazamana kwenye mbao
hadi fundi akaja na msumeno.

"Watazamaji," anaandika Hizza, "walicheka pasipo na kichekesho."

Sisemi filamu haina ila.
Sauti ilikatika kila bodaboda ilipopita, za filamuni na za nje.
Wigi la yule mwembamba lilibadilika rangi ndani ya siku moja.
Na mwisho ule wa kumwoza Bi Shani kwa daktari
ulimuudhi Edina hadi kituoni:
"Kwani kwenda Pangani na wenzake hakukutosha?"
Hilo Hizza hakuliandika. Mwisho ndio aliousifu.

Nyamvula akachukua risiti ya umeme, akaandika nyuma:

Mwandishi umeandika, hadithi hukuiona,
Penye watu kuanguka, wewe meno umebana,
Leo ninakupa shuka, jifunike, ni mchana,
Hamsini ukifika, mwanangu tutaonana.

Tukamwambia ampelekee. Akasema aa,
mtoto wa watu, na kazi yenyewe kaipata juzi.

Mimi gazeti huwa silitupi.
Nalikatia ruwaza: kola, kiuno, mkono.
Jumanne ukurasa wa sanaa ulikuwa mkono wa kushoto,
na zile nyota mbili zikaangukia kwapani.

Gauni lenyewe la mama yake Hizza.
Alikuja kupimwa adhuhuri, jasho likimtoka,
akasimama mbele ya kioo mikono juu.
"Umeisoma ya mwanangu?"
Nikatikisa kichwa ndiyo, kinywa kimejaa pini.
"Nimekwenda kuiona mara mbili," akasema. "Usimwambie."
Halafu, taratibu, akiutazama mlango:
"Ile ya redio..."

Hakumaliza. Mabega yakaanza kumtikisika,
mkono wa karatasi ukachanika,
nami nimeziuma pini kumi na moja,
na mwenye pini kinywani
hatakiwi kucheka.